Kitufe cha Madam

Kilichoninyima usingizi Jumamosi ile hakikuwa viazi vya mjomba, ingawa viazi ndivyo vilivyoanzisha. Kilikuwa swali: je, Madam alijua?

Nina tabia ya kuligeuza jambo hadi lichakae. Mtu akinisalimia kwa sauti ya chini, nitashinda nikijiuliza nimemkosea wapi. Kwa hiyo mwanzoni nilijaribu kujituliza kwamba haya ni yale yale yangu. Lakini safari hii kulikuwa na lori njiani.

Mjomba wangu analima viazi Kuresoi. Ijumaa alinipigia. Mimi sipendi kupokea simu. Huiacha iite hadi inyamaze, kisha natuma ujumbe kuuliza kuna nini. Mjomba ananijua, akapiga tena na tena hadi nikaona haya.

"Chero, hii kitu yenu imeniuzia waru," alisema.

"Imekuuzia aje, Anko?"

"Si mimi nilikuwa naangalia tu? Nimesimama shambani, mkono moja iko na jembe, hii ingine iko na simu. Nikavuta hiyo list na kidole gumba nione kama huko chini kuna broka ako na bei ya maana. Kuvuta hivi, simu inaniambia: 'Hongera, umeuza!' Hongera ya nini sasa?"

"Ulikubali ya nani?"

"Sikukubali ya mtu! Lakini inasema ni ya yule wa bei ya aibu. Lori inakuja Jumatatu asubuhi."

"Basi ukatae kupakia."

"Nikikataa si mnanifungia? Si ndio sheria yenu?"

Ndiyo sheria yetu. Mkulima aliyekubali ofa harudi nyuma, na akikataa kupakia hatauza tena kupitia kwetu. Na ni mimi niliyemwekea mjomba ile apu kwenye simu yake, nikamwambia aiamini.

Apu yenyewe ni soko la viazi. Mkulima anaifungua, anaona orodha ya mabroka, yaani madalali wanaonunua, na bei zao, anaivuta juu na chini kwa kidole. Juu ya orodha hiyo, upande wa chini kulia wa kioo, kumeelea kitufe cha kijani kilichoandikwa Kubali. Ukikibonyeza, ofa iliyo katikati ya kioo ndiyo inayokubaliwa. Sasa, kidole kinapotua juu ya kitufe kinachoelea hivyo, simu haijui bado mwenye kidole anataka nini. Anabonyeza au anavuta? Kitufe chenye adabu husubiri. Kidole kikiinuka palepale kilipotua, mtu amebonyeza. Kikiteleza, basi alikuwa akivuta orodha, na kitufe kinapaswa kunyamaza na kuiachia orodha mguso ule. Chetu hakikusubiri. Kidole kikitua tu, kimeuza.

Na kitufe hicho kilikuwa cha Madam.

Nikisema ni chake nina maana halisi. Karakana yetu iko Milimani, katika vyumba vya nyuma vya nyumba yake, na ndani yake kila kipande cha kazi kina mwenyewe. Odhiambo anachora. Mimi nashughulika na orodha na mambo ya kuingia na kutoka. Kitufe cha Kubali ni cha Madam. "Shamba la mwenzako usilime bila kumwita," ndivyo alivyotuambia tulipoanza, na hakuwa akitania. Ukiona kosa katika kipande cha mwingine, unamwita, anakaa kando yako, mnalitazama pamoja. Kugusa peke yako ni wizi. Kwa hiyo niliposoma msimbo wa kile kitufe na kuona kwamba sehemu ya kusubiri, ambayo nakumbuka vizuri ilikuwepo mwanzoni, imeondolewa, sikuhitaji kuuliza ni nani. Nilimpigia Odhiambo hata hivyo.

"Si mimi," alisema kabla sijamaliza. "Mimi nachora tu. Kwa kitufe ya Madam siingii ata na viatu."

"Unadhani alifanya makusudi?"

"Chero, mimi nadhani Madam ako na kitu anaficha. Hiyo mkono yake kwa mfuko, we wacha tu."

Odhiambo ni mtoto wa Nakuru kabisa. Babu yake aliletwa na kazi ya reli na ukoo haukurudi tena magharibi. Ana maneno mengi. Ila hilo la mkono nami nilikuwa nimeliona.

Nilimfahamu Madam nikiwa sekondari. Alitufundisha kompyuta katika chumba kilichonuka vumbi la moto, kwenye mashine ambazo zilikuwa zikiwaka kwa huruma. Hakuwahi kupaza sauti. Ukikosea alikuja nyuma yako, akasimama, akanyamaza. Ukilijua kosa lako, aliondoka. Wengine walisema ni upole. Mimi shingo ilikuwa ikinitoka jasho.

Ndiye pia aliyeisimamia klabu ya chesi, na huko ndiko nilikomwogopa zaidi. Sheria yake ilikuwa moja: ukigusa, umecheza. Kete uliyoigusa ndiyo utakayoisogeza, hata kama inakwenda kufa. Siku moja tulikuwa tukishindana na shule nyingine, na mimi nilikuwa nikielekea kushinda. Nilinyoosha mkono kuchukua farasi, na mkono wa sweta langu, sweta la shule lililokuwa limelegea, ukampitia malkia. Hakuna aliyeona. Mpinzani wangu alikuwa akitazama dirishani. Madam akasimama kutoka viti vya nyuma, akamwambia mwamuzi, "Amegusa malkia."

"Madam, ni sweta!" nilisema.

"Sweta limevaliwa na nani?"

Mwamuzi alitaka kuliacha lipite, lakini mwalimu wangu mwenyewe ndiye aliyeshikilia. Nilimsogeza malkia, akaliwa, nikashindwa. Baadaye alininunulia chipsi mjini, tukala tukitembea, akaniambia kwa sauti yake ileile ya chini: "Mtu ajue mkono wake uko wapi, Cherono. Wakati wote."

Niliyabeba maneno hayo miaka mingi. Na Jumamosi ile, nikitazama dari, yalinirudia kwa sura nyingine. Mtu anayeamini kwamba ukigusa umecheza, hata kwa sweta, hangeona shida kumwambia mkulima kwamba kidole chake kimeuza.

Lakini Madam huyohuyo nimemwona akicheza drafti na soja wa lango lake, kwa vifuniko vya soda, na soja anarudisha kifuniko alichokwisha kusogeza, na Madam anatazama pembeni kana kwamba ameona ndege. Nilimuuliza mbona. "Yeye hachezi ili ashinde," alisema, "anacheza ili muda wa zamu uende. Sheria ni ya walioijia." Sikuelewa kama alikuwa akimheshimu au akimdharau. Bado sielewi.

Na kuna kikapu cha simu. Madam hukusanya simu mbovu, zenye vioo vilivyopasuka, za kukwama, na hatoi kitu hadi kifanye kazi kwenye simu mbovu kuliko zote kikapuni. "Hii ndiyo simu ya mtu wa Olenguruone," husema akiinyanyua. "Hiyo yako ni ya mtu wa Milimani, na mtu wa Milimani hauzi viazi." Wakati mmoja alinipeleka Olenguruone siku ya soko. Hatukuhoji mtu. Alisimama kando ya wauza kabeji na kutazama watu wanavyoshika simu. "Angalia," aliniambia. "Mkono mmoja. Mwingine una mzigo, au mtoto, au mwavuli. Gumba ndilo linalofanya kila kitu."

Hapo ndipo shaka yangu iliposhika mizizi. Mwanamke aliyejua hayo yote alikiweka kitufe palepale gumba linapotua, kisha akakiondolea subira. Asiyejua angesamehewa. Yeye je?

Tena kulikuwa na yule broka wa bei ya aibu. Hakukuwa na mtu aliyenunua viazi vingi kupitia kwetu kama yeye. Alivaa kofia ya ngozi hata ndani ya nyumba, na alikuja karakanani mara kwa mara na kabeji moja kubwa chini ya kwapa, zawadi. Siku moja niliingia nikamkuta akicheka.

"Madam, hiyo kitu yako ni tamu sana," alikuwa akisema. "Siku hizi wakulima hawasumbui. Zamani mtu anakuzungusha wiki mzima. Saa hii, tap, wamekubali."

Madam aliniona, akafunga kompyuta yake, akasema, "Cherono, chukua kabeji upeleke jikoni." Nilipeleka. Kuanzia hapo kila alipofunga ile kompyuta nilipoingia, na alianza kuifunga mara nyingi, nilihesabu kuwa ni yale yale.

Mengine yalikuwa madogo, lakini mtu kama mimi haachi madogo. Aliacha kucheza chesi, na soja alipomwita kwenye drafti alimwelekeza tu, "Sogeza hicho cha pembeni, kwa niaba yangu." Aliacha kusalimia kwa mkono kanisani, akawa anainamisha kichwa. Chai yake, yeye aliyekuwa akisema kumpa mgeni nusu kikombe ni kumfukuza, alianza kuinywa nusu kikombe. "Ata chai anajibania siku hizi," Odhiambo alinong'ona. "Anaogopa nini?" Na ule mkono wa kulia, daima ndani ya mfuko wa sweta lake la kijivu, joto au baridi. Nilidhani ana simu ya pili humo. Nilimwona, akilini mwangu, akiandikiana na mwenye kofia chini ya meza huku akitufundisha uaminifu.

Jumapili, ibada ilipoisha, nilitembea hadi Milimani badala ya kurudi nyumbani. Njiani niliandaa hotuba tatu na kuzitupa zote. Mkobani nilikuwa na simu mojawapo ya kikapuni, na ndani yake nilikuwa nimekirudishia kitufe subira yake. Ndiyo, nililima shamba la mwenzangu bila kumwita. Nilijiambia kwamba ninakwenda kumwita sasa.

Alifungua mlango mwenyewe, bado na nguo za kanisani, mkono mfukoni.

"Cherono. Kuna nini?"

"Habari ya Jumapili, Madam."

"Nzuri. Kuna nini?"

Tuliketi kwenye meza ya kulia chakula. Nilimweleza kuhusu mjomba, gumba, hongera, lori. Alisikiliza akitazama kitambaa cha meza. Nilipomaliza alinyamaza kule kwake kwa darasani, na mimi nikaanza kutoka jasho la shingo kama zamani. Nikaitoa simu, nikaisukuma mbele yake.

"Nimekirekebisha. Kidole kikiteleza, hakiuzi. Jaribu."

"Jaribu wewe."

"Nimeshajaribu, Madam. Nataka wewe ukibonyeze."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ni chako."

Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia. Alinitazama kwa muda, akaona, nadhani, kila nilichokuwa nikimdhania. Kisha akautoa mkono mfukoni.

Haukuwa na simu. Ulikuwa ukitetemeka. Si kama wa mtu aliyeshikwa na baridi au hasira. Ulikwenda wenyewe, kwa mwendo wake, kama kitu kisicho chake. Aliupeleka kwenye kioo. Kidole kilitua juu ya kitufe, na kwa kuwa hakikutulia, orodha chini yake ikaanza kutikisika nacho, juu, chini, juu. Kitufe kilinyamaza. Kilikuwa kikifanya nilichokiambia: kidole kikisogea, mtu anavuta. Alijaribu tena. Bei za mabroka zilicheza pale kiooni na hakuna kilichobonyezwa.

"Unaona?" alisema. "Kwangu kimekufa. Mtetemo huu ulianza polepole. Nilidhani apu imeharibika. Nikaikagua yote kabla sijajikagua mwenyewe." Aliurudisha mkono mapajani. "Kisha nikafikiria, siko peke yangu. Huko juu kuna wazee. Wana mikono kama hii, au imekufa ganzi kwa baridi. Kitufe kikisubiri mkono utulie, hao hawatauza kamwe. Ndipo nikakiambia kisisubiri."

Ile picha yote niliyoijenga, chai, kanisa, drafti, ilianguka, na nilitaka kulia kwa aibu na kwa nafuu. Lakini akili yangu hairidhiki upesi.

"Na wakulima wakaanza kulalamika," nilisema.

"Wakaanza kulalamika."

"Ulisikia."

"Nilisikia. Mwanzo nilijiambia wanajuta tu bei, wanatafuta pa kulaumu. Ukigusa umecheza. Halafu mmoja akaniambia alichokuambia mjomba wako, jembe na yote, nikajua ni kweli. Nikaketi nikirekebishe. Na nikaona kwamba nikikirekebisha, mtaniuliza kwa nini nilikiharibu."

"Na broka?"

"Hajawahi kuniomba kitu."

"Lakini alifurahi."

"Alifurahi, nami sikumuuliza kwa nini." Alisema hivyo bila kujitetea, na ndilo jambo lililoniuma kuliko yote. "Andika hilo upande wangu wa makosa. La mkono usiliandike."

Mwalimu aliyenifanya nishindwe kwa ajili ya sweta alikuwa amewaacha watu wauze jasho lao ili mimi na Odhiambo tusione kidole chake.

"Siku hizi," alisema, kana kwamba amenisikia, "sijui mkono wangu uko wapi, Cherono."

Niliivuta kompyuta yangu kutoka mkobani. Sikuwa na mpango; nilitaka tu kuwa na kitu cha kutazama. Lakini mikono yangu ilikuwa na mpango kabla yangu. Shida haikuwa subira, wala ukosefu wa subira. Shida ni kwamba kitufe na orodha vilikuwa vimelaliana, na kila mguso ukawa wa kugombaniwa. Nilikitoa kitufe juu ya orodha. Nikaikata orodha iishie juu zaidi, nikakipa kitufe ukanda wake chini kabisa, mahali pasipo na kitu cha kuvutwa. Humo kidole kinaweza kutetemeka kinavyotaka na bado kimebonyeza. Kisha nikaweka swali la pili, bei kwa herufi kubwa na jina la broka, na Ndiyo yake nikaipeleka upande wa juu wa kioo, mbali na gumba. Madam alivuta kiti, akaketi kando yangu kama sheria inavyotaka. Mara moja alisema, "Ndiyo iwe pana zaidi. Nyembamba itanishinda." Nikaipanua.

Nilimpa simu. Alibonyeza kwa mkono uleule. Swali likatokea. Akabonyeza Ndiyo, na mara ya kwanza tangu niingie alicheka.

"Hongera, nimeuza."

Halafu akawa Madam tena. "Sasa sikiliza. Mavuno yanaelekea kuisha. Tutoe toleo jipya kimya kimya. Mjomba wako nitaongea na broka, ataachiliwa. Mavuno yakiisha nitawaambia wengine mwenyewe. Polepole."

Nakiri nilivutwa. Mjomba angebaki na viazi vyake, Madam angebaki na siri yake, na mimi ningerudi nyumbani nikalale. Nilianza kuligeuza, upande huu na upande ule, kama kawaida yangu. Wangapi huko juu waligusa Ijumaa, na hawana mpwa Milimani? Malori yao yanakuja lini? Labda hakuna. Labda wengi. Labda wakijua wataikimbia apu yote. Labda Madam ataugua zaidi kwa aibu. Ningeweza kuligeuza hadi lori lifike.

"Lori ni la kesho, Madam," nilisema, nikafungua mahali pa kuwatumia wakulima wote ujumbe.

"Hilo ni shamba langu, Cherono."

"Ndiyo nimekuita. Uko hapa."

Niliandika: Kitufe cha Kubali kimekuwa kikiuza hata kidole kikipita tu. Kosa ni letu, si lenu, na tumelirekebisha. Kama uliuza bila kutaka na lori bado halijapakia, usipakie. Hutafungiwa. Piga simu tusaidiane.

Nambari ya ofisi inaita kwa Madam. Niliweka yangu.

Alisoma polepole, miwani ikiwa puani. "Hukutaja mkono."

"Huo utausema wewe, ukitaka."

Kidole changu kilikuwa juu ya Tuma na hakikushuka. Alikitazama.

"Uko hivyo tangu sekondari," alisema. "Kidole hewani, kichwa kinazunguka. Mchezo hautakungoja."

Nikabonyeza. Yeye hakuurudisha mkono mfukoni. Aliuacha juu ya kitambaa cha meza, ukitetemeka karibu na wangu, tukakaa hivyo. Kisha simu yangu ikaanza kuita, nambari nisiyoijua, na nikaipokea kabla haijaita mara ya pili.